Sare Isiyochuja

Kijani hakigeuki kahawia kwa kubembelezwa. Lazima ukipitishe kwenye nyekundu kwanza. Ndiyo maana wiki ile kila aliyekatiza nyuma ya kota za askari aliona kombati nyekundu zimening'inia kwenye kamba, mikono chini, zikidondosha matone mekundu mchangani, na wengine waligeuza njia. Mama Pacha, jirani yetu wa mlango wa pili, alisimama na ndoo yake kichwani akazitazama.

"Jamani, mmemaliza platuni nzima?"

"Bado," dada yangu akamjibu bila kuacha kukoroga pipa. "Sisi tumewaanza tu. Mkuu wa Majeshi atakuja kuwamalizia."

Dada ni mtia rangi. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yetu, pamoja na mapipa, mwiko wa mti wenye urefu wa mtu, na ulimi. Mimi ni mdogo wake. Nilikuwa nikiishi nao katika chumba cha uani, nikichota maji, nikichochea moto na kukamua nguo nzito ambazo viganja vyake vilikuwa vimeanza kuzikataa. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa sajini. Alijiunga na jeshi kabla ndevu hazijamwota, na sasa zilikuwa nyeupe. Kabla ya mwaka kwisha angestaafu.

Nilipohamia kwao, jeshi lilivaa kaki. Akaja Mkuu mpya, akasema kaki ni nguo ya watumishi wa wakoloni, akaleta kijani. Huyo akaondoka, akaja mwingine, akasema kijani kinaonekana mno, adui anatuona kabla hatujamwona. Adui gani, hakusema. Akaleta kahawia, akaiita rangi ya ardhi yetu. Kila rangi ilikuja na hotuba, na kila hotuba ilikuja na mkandarasi.

Sisemi kijani kilikuwa kizuri kwa macho. Lakini ile kombati ya kijani ilikuwa pamba tupu, nzito, ya kunyonya jasho, na mwiba ulikuwa unaiomba radhi. Ya kahawia ilikuwa nailoni iliyochanganywa na kitu ambacho dada alikinusa akashindwa kukipa jina. Mfuko wa pajani, ambao askari huwekea bandeji na kipande cha mkate, ulihamishiwa begani, mahali panapoingia kalamu tu. Vifungo viliondolewa, ikawekwa zipu. Mchanga ukiingia mara moja zipu inagoma, na mwanamume mzima anazunguka doria mlango wazi. Ukichuchumaa, mshono wa nyuma unakuaga.

Serikali ilimgawia kila askari pea moja. Shemeji alirudi na ya kwake chini ya kwapa, akaingia chumbani, akatoka ameivaa. Mikono iliishia kwenye viwiko. Suruali ilimfika chini kidogo ya magoti.

"Shemeji," nikamwambia, "hiyo ni kombati au umeazima kwa mtoto wa shule?"

"Cheka. Wewe ungekuwa na kazi, wangekupa ya ukubwa gani? Ya kichanga?"

"Nenda kabadilishe," dada akasema.

"Nimetoka huko. Kesho anasema nirudi kesho."

Kesho ndiye mtunza stoo. Jina lake halisi lilikuwa limesahaulika hata na mkewe, maana jibu lake kwa kila swali lilikuwa hilo moja. Shemeji alirudi kwake siku iliyofuata, na nyingine, na nyingine, na siku ya mwisho nilifuatana naye. Kesho alikuwa ameketi nyuma ya dirisha la nondo, akinywa chai.

"Sajini, saizi yako haijaja. Lakini nje ya lango kuna duka. La mkwe wa Mkuu. Pale saizi zote zipo."

"Kwa nini pale zipo na hapa hazipo?"

Kesho alipuliza chai yake. "Sajini, unataka nguo, au unataka kujua?"

Tulikwenda dukani. Bei yake ilikuwa ya mtu anayejua huna pengine pa kwenda. Tukarudi mikono mitupu.

Sasa nieleze kilichokuwa kimeshikiliwa na nguo hiyo. Mkuu alikuwa anakuja kukagua gwaride, na amri ilikuwa imesomwa mara mbili: askari atakayesimama bila sare mpya, au asiyesimama kabisa, atashitakiwa kwa kukaidi. Anayetiwa hatiani hufukuzwa. Anayefukuzwa hapati kiinua mgongo, na huhama kota na godoro lake kichwani. Shemeji hakuwa na kitu kingine duniani. Kulikuwa na kiwanja ng'ambo ya barabara, chenye kisima na ukuta uliosimama nusu, ambacho dada alikuwa akikipita na kukitazama kama mtu anayemtazama mchumba. Pale angeweka mapipa yake chini ya paa lake mwenyewe. Kiwanja hicho kilikuwa ndani ya kiinua mgongo hicho, na kiinua mgongo hicho sasa kilikuwa ndani ya mikono ya shati.

Jioni ile dada alimwambia, "Mume wangu, leta ile ya kijani."

"Ya nini?"

"Niipeleke kwenye kahawia."

"Mke wangu, hiyo ni mali ya jeshi."

"Walikukata mshahara mwaka mzima kwa ajili yake. Jeshi lilikatwa nini?"

Shemeji akaileta.

Dada alikata kipande kidogo kwenye pindo la ile sare fupi, akakitazama juani, kivulini, na kwenye mwanga wa mlangoni. Kisha akaanza. Nyekundu kwanza, mpaka kijani kikafa. Halafu njano kidogo, halafu nyeusi ya kuonja tu, kama chumvi kwenye uji. Nguo ilipotoka pipani na kukauka, nililiweka shati lile karibu na lile la stoo na sikuweza kusema lipi ni lipi, mpaka nilipoyashika.

Iliyobaki ilikuwa kuifunga rangi: maji ya moto, chumvi, magadi, kisha kuisuuza mpaka maji yatoke meupe. Ni kazi ya siku nzima, na mgongo wangu ulikuwa umeshaandika barua ya kuacha.

"Dada, gwaride ni asubuhi moja. Hii iache hivi hivi. Nani atajua?"

Aliniangalia kama nimemtukana mbele za watu. "Mama alikufa hana shamba, hana nyumba. Alituachia neno moja tu: kwamba rangi yake haitoki. Unataka niuze urithi wote kwa bei ya magadi?"

Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Siri ya kota haina mlango. Shemeji alipoivaa kuijaribu, Mama Pacha alikuwa dirishani, na kesho yake alikuja na ya mumewe. Wakaja wengine wa mstari wetu wa kota, wote walioambiwa warudi kesho, wote wenye kijani cha pamba kabatini. Ndipo kamba zikajaa wekundu ule uliowatisha wapita njia. Dada alikuwa na furaha ya mtu mwenye kazi nyingi, akikoroga na kuimba ubeti alioutunga mwenyewe pale pale kwenye moshi:

*Kila aketiye juu, hushuka na rangi yake,*
*Mwanajeshi wa miguu, analipa mke wake,*
*Hatujapata nafuu, mwingine aja na yake,*
*Vita havina makuu, vazi lina vita vyake.*

Wanawake waliokuwa wakifua waliupokea, na hadi mwisho wa wiki hata watoto walikuwa wakiuruka nao kamba.

Siku ya gwaride, familia tulisimamishwa nyuma ya kamba, ukingoni mwa uwanja. Kikosi kizima kilikuwa kimejipanga, kahawia mbele, kahawia nyuma, mikanda myeupe viunoni, glavu nyeupe mikononi. Mistari ya chokaa ilikuwa imechorwa upya. Wanaume wa mstari wetu, kumi na mmoja, walisimama safu ya pili, shemeji akiwa wa kwanza. Dada alikuwa amejifunga kanga yake bora.

"Mtafute," akaninong'oneza. "Mtafute uone kama unaweza kumtenga."

Sikuweza. Bila yale masharubu meupe nisingemjua.

Mkuu alifika na mabalozi na wapiga picha, bendi ikapiga, hotuba ikaanza. Alikuwa amefika kwenye maneno "rangi ya ardhi yetu" wingu liliposhuka. Mvua haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagwa. Msaidizi wa Mkuu akafungua mwavuli, sisi tukajibanza chini ya mabati ya banda la bendi, na kikosi kikabaki kimesimama, maana askari hakimbii mvua.

Mwanzoni niliona ni matope. Mkanda wa askari wa mbele ulikuwa na doa. Kisha glavu zikawa na madoa. Kisha nikaona vizuri: kahawia ilikuwa inashuka. Ilitoka mabegani, ikapita vifuani, ikaingia kwenye mikanda, ikatiririka mapajani na kujaa kwenye buti. Mistari ya chokaa ikawa mito ya chai. Watu mia nne wamesimama wima, kifua mbele, wanayeyuka. Nguo zao zilibaki na rangi isiyo na jina, kama ya kidonda kinachopona vibaya.

Na katikati yao, safu ya pili, wanaume kumi na mmoja. Wameloa chapachapa, mikanda myeupe, glavu nyeupe, kahawia imetulia juu yao kama ilivyotulia pipani.

Dada alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Sijawahi kumwona amejaa vile. Nilitamani mama angefufuka kwa nusu saa tu, aone, arudi zake.

Mkuu naye aliona. Alitembea chini ya mwavuli wake, akawapita waliochuja bila kuwatazama, akafika safu ya pili, akatabasamu. Alishika ukosi wa shemeji kwa vidole viwili. Mabati yalikuwa karibu, tulimsikia.

"Hizi zimetoka shehena ipi?"

Meja akamgeukia kapteni, kapteni akamgeukia Kesho, ambaye alikuwa amesimama pembeni akichuruzika kama mshumaa. Maskini, hakuwa na kesho ya kuikimbilia.

"Hazikutoka kwangu, Mkuu," akasema.

Niliona tabasamu likimtoka Mkuu. Lilichuja na lenyewe. Ikimbukwe alikuwa mbele ya mabalozi na wapiga picha. Ama aseme kitambaa cha mkwe wake ni kibovu, ama aseme kitu kingine. Alikaa kimya, na ukimya wa mkubwa siku zote humpata mdogo wa kuujaza. Meja akaujaza.

"Mkuu, kama hazikutoka stoo, ni za kughushi."

Akatoa leso nyeupe mfukoni. Alianza na waliochuja: akasugua bega, leso ikatoka kahawia, akasema, "Halisi." Akaenda kwa mwingine. "Halisi." Akafika kwa shemeji, akasugua, akasugua tena kwa nguvu, akaitazama leso. Ilikuwa nyeupe.

"Toka mbele."

Wote kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, leso nyeupe, toka mbele. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwahi kuona kibaya kinapigiwa saluti huku chema kinapelekwa mahabusu.

Mkono wa dada ulikuwa bado umenishika, lakini haukuwa unabana tena.

Siku iliyofuata waraka ulibandikwa langoni. Sare halali ya jeshi, ulisema, hutambulika kwa kuachia rangi kiasi inapopata maji. Niliusoma mara mbili nikidhani macho yangu yananichezea. Mlinzi wa lango, mwenye shingo ya kahawia mpaka masikioni, akaniambia nisogee, nimewazibia wengine.

Tulikwenda kumwona kapteni wa shemeji. Alikuwa kijana wa rika langu, ofisi ndogo, feni moja inayozunguka kwa kulazimishwa. Alimpa dada kiti.

"Afande," dada akasema, "ile nguo ni ya mume wangu, aliilipia kwa mshahara. Rangi ni yangu. Kosa liko wapi?"

Kapteni aliinuka akafunga mlango. "Kosa si rangi, mama."

"Ni nini?"

"Mvua iliwanyeshea watu mia nne. Wote wakachuja isipokuwa wako. Mkuu ameachwa uchi mbele ya wageni. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningemuuliza aliyeniuzia kitambaa."

"Aliyemuuzia amemwoa binti yake." Alijikuna shingoni. Palikuwa na pete ya kahawia pale, nene kama ya ng'ombe wa kulima. "Ungeiacha ichuje kidogo tu, mama. Kidogo. Leo tusingekuwa hapa."

Dada alimtazama kana kwamba kijana yule amezungumza lugha ya ndege.

"Sikilizeni," kapteni akaendelea, sauti chini. "Mimi sitaki kumfukuza sajini wangu. Ndiye aliyenifundisha kushika bunduki. Alhamisi kuna ukaguzi wa pili. Meja atapita na leso na ndoo ya maji. Atakayechuja ni wa kwetu, na mashitaka yanaishia hapo. Tutasema siku ile mvua haikuwafikia vizuri."

"Iliwaruka?" nikauliza. "Mvua ilimfikia wa kushoto, ikamfikia wa kulia, ikamruka wa kati?"

"Mama, mfunge mdogo wako mdomo. Mimi natafuta njia, yeye anatafuta ushindi."

Njia nzima ya kurudi niliwaka. Nilimwambia dada asikubali. Nilimwambia twende kwenye magazeti, tubebe ndoo na sare mbili, tuzimwagie maji mbele ya watu, dunia ione. Nilimwambia afadhali mtu afukuzwe akiwa msafi.

Alisimama katikati ya barabara. "Afukuzwe nani?"

Nikateremsha macho.

"Wewe hujasimama kwenye jua lile tangu ujana wako. Hujanyweshwa maji ya madimbwi huko mpakani. Hasira ya mtu asiye na kiinua mgongo ni rahisi sana, mdogo wangu. Haikatwi kitu."

Akaendelea kutembea. Hatukukipita kile kiwanja. Alizunguka upande wa pili.

Sare zilirudishwa kwetu mchana ule, kumi na moja, zimefungwa kwa kamba kama wahalifu. Na hapo ndipo tukagundua jambo ambalo lingechekesha mahali pengine: dada hakujua kutia rangi inayotoka. Hakuwahi kufundishwa. Ilibidi tufikirie kinyumenyume, kila alichotuonya mama tukitende. Maji baridi. Chumvi hapana. Magadi hapana. Moto hapana. Unga wa rangi ukakorogwa kama tope, nguo zizamishwe juu juu, zisisuuzwe, zianikwe na uchafu wao. Kwa hiyo kahawia ya kwanza ingebaki chini, imara, na juu yake tungeipaka hii ya aibu.

Dada alishika mwiko, akauweka kwenye pipa, akautoa. Akanipa.

"Koroga wewe. Mimi mkono wangu utatia kitu kwa mazoea."

Nikakoroga. Yeye aliketi kwenye kizingiti, amenipa mgongo. Hakuimba. Mama Pacha alikuja kuchukua ya mumewe, akaikung'uta, vumbi la kahawia likamwingia puani akapiga chafya, akataka kusema utani. Alipomwona dada aliumeza.

Alhamisi nilisimama kwenye uzio. Meja alichovya leso kwenye ndoo, akasugua bega la shemeji. Leso ilitoka kama imefuta sakafu. Meja akaiinua juu ili wote waone. Alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtu ambaye mambo yamerudi mahali pake.

"Halisi," akasema. Akaenda kwa anayefuata.

Shemeji alirudi nyumbani mchana, huru. Alivua shati uani. Kifua kahawia, mgongo kahawia, makwapa kahawia, hata vinyweleo vyeupe vya kifuani vilikuwa kama vya mwanamume mwingine. Dada alimkalisha kwenye kigoda akamsugua kwa dodoki na sabuni, maji yakishuka machafu kuelekea mferejini.

"Sasa mimi ndiye halisi, mke wangu," shemeji akasema. "Ukinisugua sana utanighushi."

Mimi nilicheka. Yeye mwenyewe alicheka kidogo. Dada alimwaga ndoo, akaenda kuchota nyingine.

Basi, kiinua mgongo kiliokoka. Sitaki mtu aseme nimeficha hilo. Ila kuna kilicholipwa ambacho hakikuandikwa popote. Wale wanaume kumi na mmoja walitoka nje ya lango na sare zao. Walikaa kwenye viti vya kinyozi na viti vikapata rangi. Walibeba watoto na nguo nyeupe za watoto zikapata rangi. Watu wa mjini waliuliza, na jibu likawa ni lile lile: hizi kazitia rangi mke wa sajini. Mwanamke mmoja aliyekuwa mteja wetu tangu enzi za mama alikuja kuchukua vitambaa vyake kabla havijaguswa. Alikuwa na adabu. Alisema tu amesikia siku hizi rangi zinatoka. Dada angeweza kumweleza yote. Alimkunjia vitambaa, akamsindikiza mpaka njiani, akamtakia heri. Baada yake wakaja wengine, na baada yao hakuja mtu.

Mvua zilikuwa hazijaisha amri nyingine iliposomwa. Kahawia, tukaambiwa, ilikuwa rangi ya mpito. Sasa jeshi lingevaa rangi ya mchanga, nyepesi, karibu na nyeupe. Duka lilikuwa lile lile, nje ya lango. Mtu aliyeichagua rangi hiyo alikuwa na akili, au alishauriwa na mwenye akili, kwa maana rangi ina njia moja tu: inakwenda gizani. Kutoka kaki unaweza kufika kijani, kutoka kijani unaweza kufika kahawia, lakini kutoka kahawia hakuna njia ya kurudi mchangani, hata mama angefufuka. Shemeji alinunua. Gharama ilikatwa kwenye kiinua mgongo chake kabla hajakishika. Angeivaa asubuhi moja, ya kuagwa kwake. Mwenye kiwanja alipoambiwa asubiri kidogo, alimsikiliza mnunuzi mwingine ambaye hakuwa na haja ya kusubiri.

Sare za kahawia zote zilitakiwa zichomwe Ijumaa, kwenye shimo nyuma ya stoo, zisije zikaangukia mikononi mwa wahalifu.

Alhamisi dada aliwasha moto uani. Sikuwa nimeuona moto ule kwa wiki nyingi. Alipasha maji, akaitumbukiza sare ya shemeji, akaanza kuifua. Maji ya kwanza yalitoka kama kahawa. Akayamwaga. Ya pili kama chai. Akayamwaga. Mimi nilichota tu. Ndoo baada ya ndoo, ile rangi ya aibu ilikuwa inaondoka, mpaka maji yakaanza kukaa wazi na ukaweza kuona vidole vyake chini. Alisuuza mara ya mwisho, akainama, akayatazama maji. Yalikuwa meupe kabisa. Akaiinua sare juani. Kahawia ilikuwa pale, sawasawa kuanzia ukosi hadi pindo, kama siku aliyoitoa pipani.

"Ipo," akasema.

Ni hilo tu. Akaianika.

Usiku ilinyesha tena, kwa hiyo asubuhi ilikuwa bado imeloa. Shemeji aliibeba hivyo hivyo mkononi, nami nikamsindikiza. Shimoni palikuwa na moshi mweusi wenye harufu ya mipira. Sare za stoo zilikuwa zinashika moto kabla hazijafika chini, zinajikunja, zinayeyuka, zinadondosha matone yanayowaka. Kesho alikuwa amesimama ukingoni na dumu la mafuta ya taa, amevaa rangi ya mchanga, tayari ina madoa ya masizi.

Shemeji aliirusha ya kwake. Ilitua juu ya ndimi za moto ikalala pale. Ilitoa mvuke. Haikushika.

Kesho aliinyunyizia mafuta. Moto ukaruka, ukala mafuta, ukarudi chini. Sare ikabaki, kahawia, mikono imetandazwa.

"Mbona haishiki hii?"

"Imeloa," shemeji akasema. "Mke wangu ameifua."

Kesho aliteremsha dumu, akamtazama shemeji, akanitazama mimi.

"Nani anafua nguo ya kuchomwa?"

Shemeji aliikaza kofia yake. Tulisubiri pale, sisi watatu, mpaka pindo lilipoanza kukauka.